Mchanga, Udongo au Vemikulaiti? Mjadala wa Mayai ya Kobe Kibuli

MFUGAJI: Kobe wangu ametaga uani, chini ya ukuta, hapa hapa Kibuli. Nilimtazama mwanzo mpaka mwisho. Kwanza alikojoa, udongo ukalainika. Akachimba kwa miguu ya nyuma, akipokezana kulia na kushoto, akataga, akafukia, kisha akawa anajiinua na kujiangusha kwa tumbo mpaka mahali pale pakashindiliwa, asijue mtu kwamba pana kitu. Mnyama anayejua kazi yake kiasi hicho mimi nitamfundisha nini? Nasema mayai yalazwe kwenye udongo uleule, uchanganywe na mchanga nusu kwa nusu, ndani ya beseni. Habari za kununua matandiko ya dukani sizitaki.

MWALIMU WA BIOLOJIA: Alitaga uani kwako kwa sababu hana pengine pa kwenda. Kobe wa madoa kwao ni nchi kavu. Kwa hapa Uganda utamkuta Karamoja, si kwenye vilima vya Kampala. Kule mvua ina msimu mmoja. Hapa tunanyeshewa mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei, halafu Septemba hadi Novemba, kiasi cha milimita 1,200 ukijumlisha. Na udongo wetu mwekundu una mfinyanzi mwingi. Ukilowa unajifunga, hewa haipiti. Yai linapumua, ndugu yangu. Vitundu vya ganda lake vikizibwa na tope, kilichomo kinakosa pumzi.

FUNDI WA MASHINE ZA VIFARANGA: Mimi mnanishangaza wote wawili. Miaka yote natengeneza mashine za kutotolea vifaranga: siku 21, nyuzi 37 na nusu, trei ya maji chini, mayai yanageuzwa mara kadhaa kwa siku. Hakuna udongo, hakuna mchanga. Yai linakaa peupe kwenye trei na kifaranga kinatoka. Leteni mayai hayo ya kobe, nipunguze joto, tumalize maneno.

MWALIMU: Hajji, kwa heshima zote, mashine yako ikiyageuza hayo mayai itayaua. Ndani ya yai la kuku kuna nyuzi mbili za ute zinazokishika kiini katikati, ligeuze utakavyo. Yai la kobe halina nyuzi hizo. Siku moja au mbili baada ya kutagwa, kiinitete hupanda juu na kujishika kwenye utando ulio chini ya ganda. Ukilipindua hapo, kinachanika au kinalemewa na kiini. Ndiyo maana anayefukua mayai ya kobe huchora alama ya penseli juu ya kila yai kabla ya kulinyanyua, na alama hiyo hubaki juu mpaka mwisho.

FUNDI: Sawa, halitageuzwa. Bado hujanijibu juu ya matandiko. Kama nina trei ya maji na hewa yenye unyevu, matandiko ya nini?

MWALIMU: Kwanza, yai la mviringo lisilogeuzwa linahitaji kitu cha kulishika lisibingirike. Pili ni maji. Yai la kuku hupoteza kiasi cha asilimia 12 ya uzito wake kabla ya kuanguliwa, na ndivyo linavyotakiwa. Lakini reptilia wengi, nyoka, mijusi, vinyonga, kasa wa baharini, mayai yao yana ganda laini kama ngozi, na hunywa maji kutoka pale yalipolala. Yai la kinyonga huvimba likaongezeka ukubwa kabla ya kuanguliwa. Hewa peke yake haitoshi kulinywesha.

MFUGAJI: Umejisemea mwenyewe, Mwalimu: ganda laini. Mayai yangu ni magumu, meupe, ukiyagonganisha yanalia. Hayanywi. Kwa hiyo hayo ya vinyonga na nyoka hayanihusu.

MWALIMU: Yanakuhusu kwa upande mwingine. Yai gumu halinywi maji kiasi hicho, kweli, lakini linakauka pakikauka, na linapasuka ganda kabla ya wakati pakilowa kupita kiasi. Kwa hiyo unahitaji matandiko ambayo unyevu wake unaujua, si unaoubahatisha. Hapo ndipo nasema vemikulaiti.

FUNDI: Mawe ya Wazungu.

MWALIMU: Mawe ya Manafwa, Hajji. Vemikulaiti inachimbwa Namekhara, mashariki mwa nchi hii, upande wa Mlima Elgon, na inasafirishwa kwenda nje. Ni madini ya tabaka nyembamba yenye maji katikati ya tabaka. Yakichomwa kwa joto kali maji yale yanageuka mvuke na madini yanafumuka kama bisi, yanakuwa mepesi, yamejaa nafasi. Baada ya hapo yanashika maji ndani na bado yanaacha hewa ipite. Hayaozi, maana hayana kitu cha kuoza. Mfugaji wa London ananunua mfuko wa kitu hicho kwa bei ya juu, sisi tunakalia mgodi wake halafu tunakiita cha Wazungu.

(Niingilie mara moja mimi mwandishi. Hili la Namekhara ningependa lisipite haraka. Wauza miche wengi wa Kampala wanakijua kitu hiki kwa kuoteshea mbegu, na wengi wanaofuga wanyama hawajui kwamba ndicho kile kile kinachosifiwa na wafugaji wa reptilia Ulaya na Marekani. Tuendelee.)

FUNDI: Na vumbi lake? Mimi nimesoma habari za Libby, kule Montana, Marekani. Vemikulaiti ya pale ilikuwa na asbesto ndani. Wachimbaji waliugua mapafu, na wake zao waliofua nguo za kazi wakaugua pia, wengine wakafa. Mgodi ukafungwa 1990. Leo unamwambia kijana huyu aikoroge jikoni kwa mama yake?

MWALIMU: Libby ni kweli, na ni msiba mkubwa. Kosa lilikuwa asbesto iliyokaa pamoja na madini katika mwamba ule, na haina maana kwamba kila mwamba unayo. Lakini sikubishii kuhusu vumbi. Vumbi lolote la mawe ni baya kwa mapafu. Unaifungua nje, unajifunga kitambaa, unamwagia maji kabla ya kuikoroga. Usinunue mfuko usiojua umetoka wapi.

MFUGAJI: Mnaona? Tayari nimevalishwa kitambaa puani kwa ajili ya mayai. Udongo wangu haunitishi hivyo.

FUNDI: Hata udongo siutaki. Nina jibu la katikati. Maranda kutoka kwa maseremala wa Ndeeba, au maganda ya kahawa. Kila banda la kuku Kampala lina maganda ya kahawa chini. Bei yake ndogo, yanashika unyevu, mepesi.

MWALIMU: Hayo hapana kabisa. Kwenye banda kuku wanayapekua kutwa, yanakauka. Ukiyalowesha ukayafungia ndani ya kopo lenye joto la nyuzi 30 kwa miezi, yanaanza kuchacha. Yakichacha yanatoa joto lao wenyewe, yanakula hewa, na ukungu unapanda. Maranda nayo hujui mbao ilipakwa dawa gani ya kuzuia mchwa. Kuku hafi kwa siku chache za kukanyaga dawa. Yai litakaa juu yake miezi.

FUNDI: Ukungu nimeuona kwenye mayai mazuri pia, na kifaranga kikatoka.

MWALIMU: Yai hai hupigana na ukungu. Ukungu kwa kawaida huanza na yai lililokufa au ambalo halikuwa na mbegu, kisha hufuata matandiko yenye chakula. Kwenye vemikulaiti haupati njia. Kwenye maganda ya kahawa umeuandalia barabara.

MFUGAJI: Basi mchanga mtupu. Kasa wa baharini hutaga mchangani, mamba hutaga mchangani. Pale Watamu, Kenya, tangu 1997 kuna watu wanaolinda viota vya kasa, na kiota kikiwa mahali ambapo mawimbi yatakifikia, wanakihamishia mchanga mwingine wa juu. Hawabebi vemikulaiti. Watoto wanatoka na kwenda baharini.

MWALIMU: Wanahamishia shimo refu la mchanga, kina cha mkono mzima. Chini kule joto la mchana na baridi ya usiku havifiki kwa nguvu, na unyevu unapanda kutoka chini. Wewe utaweka mchanga kiasi cha kiganja ndani ya beseni. Juu utakauka kwa siku mbili, chini utabaki na maji yaliyotuama, na yai litakuwa limekaa katikati ya vitu viwili, hakuna hata kimoja kinachofaa. Na mchanga mkavu hunyonya maji kutoka kwenye yai.

MHIFADHI WA WANYAMAPORI: Na huo mchanga utatoka wapi? Sehemu kubwa ya mchanga unaojenga Kampala unachotwa Lwera, kwenye kinamasi cha Barabara ya Masaka, na mnajua jinsi mashimo yale yalivyoachwa wazi. Debe moja halitaimaliza Lwera, nakubali, ila nilitaka lisemwe.

FUNDI: Mimi nautetea mchanga kwa jambo moja ambalo Mwalimu hajaligusa. Umeme. Hapa kwetu umeme unakatika usiku, na usiku wa Kampala unaweza kushuka mpaka nyuzi 17. Mashine yangu ikizimika, kitu chepesi kama hiyo vemikulaiti kinapoa haraka. Mchanga uliolowa ni mzito, umebeba joto, utalitoa polepole mpaka umeme urudi. Mtu anayefanya kazi hii mjini afikirie kwanza umeme, ndipo afikirie madini.

MWALIMU: Hapo Hajji umenipata, na sitajifanya sijasikia. Isipokuwa joto hilo unaweza kuliweka pembeni bila kulilaza yai juu ya mchanga. Chupa za maji ukizijaza ndani ya sanduku la mashine, zikapata moto pamoja na mayai, ndizo zitakazoshika joto umeme ukiondoka. Maji hubeba joto kuliko mchanga.

FUNDI: Hilo naliweza. Nitaziweka kwenye kuta.

MWALIMU: Na ni jambo kubwa kuliko mtu anavyodhani, maana kwa wanyama hawa joto halileti kuangua tu, linaamua jinsia. Aliyeligundua ni mwanamke Mfaransa, Madeleine Charnier, akifanya kazi Dakar mwaka 1966, kwa mjusi wa kawaida kabisa, ndugu wa hawa wanaotikisa vichwa juu ya kuta zetu. Mayai ya joto la chini yakatoa majike, ya joto la juu madume. Kwa kobe ni kinyume: joto la juu huelekea majike, la chini madume. Matandiko yanayopoa na kupata moto hovyo yanakupa watoto ambao hukuwachagua, kama yanakupa watoto.

MFUGAJI: Mimi jinsia sijali. Nataka watoke.

MWALIMU: Utakapokuwa na kobe kumi wote madume wanaosukumana uani, utajali.

MFUGAJI: Tuseme nimekubali mawe yako. Nipe kipimo, si hotuba. Mjini kila mtu anakwambia "yawe na unyevu kiasi". Kiasi gani?

MWALIMU: Swali zuri kuliko yote leo. Kipimo ni uzito, si macho. Gramu 200 za vemikulaiti kavu, gramu 200 za maji, kwa mayai ya ganda laini. Kwa mayai magumu ya kobe punguza maji, nusu ya uzito au zaidi kidogo. Koroga, shika ngumi moja, bana: kisidondoke hata tone. Laza yai mpaka nusu yake, juu ubaki unaliona. Funika chombo kwa mfuniko wenye vitundu vichache. Kisha weka chombo chote kwenye mizani, pamoja na mayai, andika uzito juu ya mfuniko. Kila wiki pima tena. Zimepungua gramu 12? Rudisha gramu 12 za maji ya vuguvugu, pembeni, yasiguse mayai. Udongo wa Kibuli hauwezi kukupa hesabu hiyo, kwa sababu hujui ulipouanza ulikuwa na maji kiasi gani.

MFUGAJI: Udongo naweza kuukausha juani, nikaupima, nikauongezea maji kwa mizani hiyo hiyo. Hujanipa sababu ya madini hapo; umenipa sababu ya mizani.

FUNDI: Kijana amesema kweli.

MWALIMU: Amesema nusu. Wapo watafiti wa Colorado State, Gary Packard na wenzake, waliolaza mayai ya kasa wa maji baridi kwenye vemikulaiti miaka ya 1980, wakibadilisha maji tu. Waliolala penye maji ya kutosha walitoka wakubwa zaidi, wakiwa wametumia kiini chao vizuri. Jaribio hilo lilihitaji kitu ambacho ukiongeza maji hakibadiliki tabia. Mfinyanzi ukiulowesha unabadilika: unashikamana, unapasuka ukikauka. Mizani itakwambia maji yapo mangapi, haitakwambia kama hewa inapita.

MFUGAJI: Na hao nao ganda laini.

MWALIMU: Ganda laini, ndiyo. Kwa ganda gumu athari ni ndogo. Silifichi.

MFUGAJI: Basi tumebaki na nini? Kwa mayai yangu maji si jambo kubwa sana, umekiri. Joto linashikwa na chupa za Hajji. Ukungu hautokei kwenye udongo uliochemshwa. Kilichobaki dhidi yangu ni hewa, na hewa nitaipata nikiongeza kokoto ndogo. Mama mwenyewe aliushindilia udongo kwa tumbo, na watoto wa porini hungoja mvua ilainishe ardhi ndipo watoke. Hawajafa kwa kushindiliwa.

MWALIMU: Wanaotoka ndio unaowasikia. Waliobaki chini hawana wa kuwasemea. Porini kobe hutaga miaka mingi ili wachache wafike ukubwa. Wewe una kiota kimoja na unataka wote. Kama unataka hesabu ya porini, yaache mayai pale pale ukutani, usiyachimbue.

MHIFADHI: Na huo ndio ushauri ambao nimengoja mtu autoe. Mmebishana juu ya kitanda, hakuna aliyeuliza mtoto ni wa nani. Kijana, kobe huyo ulimpata wapi?

MFUGAJI: Jirani mgeni aliondoka nchini, akaniachia.

MHIFADHI: Aliyekuachia alikuwa na karatasi?

MFUGAJI: Afande, kobe ana umri kunizidi mimi. Nani aliuliza karatasi enzi hizo?

MHIFADHI: Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inauliza. Mnyamapori ni mali ya umma, na anayemfuga, kumzalisha au kumuuza lazima awe na haki ya matumizi kutoka Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, kila haki na darasa lake: ufugaji ni mbali, biashara ni mbali, elimu ni mbali. Juu ya hayo, kobe wote wa nchi kavu wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, na Uganda imo kwenye mkataba huo tangu 1991. Ukiangua kumi na wawili bila kibali, una makosa kumi na mawili yanayotembea.

FUNDI: Afande, mbona mashamba ya mamba yanaruhusiwa? Kenya waliruhusu mayai ya mamba kuokotwa Mto Tana na kuanguliwa mashambani. Ujuzi huu ukizuiwa kwa mtu mdogo, utabaki kwa matajiri.

MHIFADHI: Yale yaliruhusiwa kwa vibali, kwa hesabu, na kwa ukaguzi. Sijasema ujuzi uzuiwe. Nasema swali la kwanza si mchanga wala vemikulaiti. Swali la kwanza ni hawa watoto watakwenda wapi. Kobe huyu huishi miaka 50 na zaidi. Utawaachia porini? Huwezi: hujui kizazi chao ni cha Karamoja au cha Tanzania, na kobe aliyekaa na wanyama wa mjini anaweza kupeleka ugonjwa kwa wenzake. Utawauza? Kwa nani, na nani atawabeba mpakani ndani ya soksi?

MWALIMU: Hilo la mwisho nakubaliana nalo lote. Lakini Mhifadhi, usimfanye kijana aone kujua ni hatia. Wanafunzi wangu wa Kibuli wanaogopa kinyonga mpaka wanakimbia, hawajui hata kwamba yule wa pembe tatu aitwaye kinyonga wa Jackson hatagi, huzaa watoto hai, na kwamba jina lake la kisayansi lilitolewa 1896 kwa heshima ya Frederick Jackson, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Uganda. Mtu anayepima gramu za maji kila wiki kwa ajili ya yai la kobe ni mtu ambaye hatampiga kobe jiwe. Mimi namtaka mtu huyo.

MHIFADHI: Namtaka pia. Namtaka akiwa na kibali.

MFUGAJI: Na nikikataliwa? Mayai niyafanye nini? Niyatupe?

MHIFADHI: Ukikataliwa utaambiwa la kufanya mapema, siku za mwanzo, kabla hakijajiumba kitu ndani. Ni afadhali hivyo kuliko kuangua halafu ukamtafutia mtoto aliyekwisha fumbua macho mahali pa kufichwa.

MFUGAJI: Mwalimu, sema kweli. Wewe ungeyafukua?

MWALIMU: Kwa mvua za Kibuli, ndiyo. Nikiwa na kibali ningeyafukua leo, nikayalaza kwenye vemikulaiti, na matatu ningeyalaza kwenye udongo wako wenye kokoto, chombo kingine, mashine ile ile, joto lile lile. Baada ya wiki kadhaa ningezima taa, niyaangaze kwa tochi nione lipi lina doa jeupe linalosambaa juu ya ganda na mishipa myekundu ndani, lipi limebaki la njano tupu. Hapo ndipo ningekuamini au wewe ungeniamini.

FUNDI: Sanduku nitalitoa mimi, pamoja na chupa.

MHIFADHI: Basi kila mtu ana kazi. Yai la kobe wa madoa ardhini huchukua miezi minane, mara nyingine mwaka na zaidi, kwa hiyo huwezi kusema hukuwa na muda. Ofisi za Mamlaka ziko Kamwokya, Barabara ya Kiira. Njoo wiki hii na picha ya kobe, picha ya mahali anapoishi, na jina la aliyekuachia. Mayai usije nayo. Yaache chini ya ukuta na uyawekee turubai mvua isiyafikie.